Pa Kutokea Hewa ya Moto

Mpendwa Baba Mkwe,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mimi nimezoea. Miaka yangu ya mwanzo nyumbani kwako nilikuamkia huku nikiangalia vidole vyako vya miguu, nawe uliitikia huku ukiangalia paa, kana kwamba salamu imetoka kwa popo. Kwa hiyo leo kumwamkia mtu asiyeonekana si kazi ngeni kwangu.

Nimekaa mlangoni mwa karakana yako. Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya ngoro, yale mashimo ya mlimani yanaonekana nusu tu, na mtu anayepita barabarani namsikia kabla sijamwona. Ndege yetu inaning'inia pale pale ulipoifunga, kwenye boriti ya katikati. Nimeigusa bawa kidogo ili izunguke. Inaangalia upande wa Kigonsera, inageuka taratibu, inaangalia ziwani kwetu, inarudi. Nimeiangalia mpaka chai yangu imepoa.

Barua hii naiacha wazi, asome anayetaka, maana wengi wananiuliza habari ya ndege hii na mimi nachoka kueleza nusu nusu. Na asiye wa kwetu itabidi kwanza ajue jinsi tulivyokuwa tunaogopana. Kwenu Umatengoni, na hata kwetu ziwani, mkamwana na baba mkwe hawachezi. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Hawakai benchi moja. Wakikutana njiani, mmoja anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli majanini. Neno likiwa na ulazima wa kufika, linapitia kwa mama mkwe, au anatumwa mtoto. Sasa mtoto nyumba yetu haikuwa naye, na hilo lilikuwa linasemwa sana kijijini, wakati mwingine na mimi nikiwepo.

Lililokuwa linasemwa zaidi ni mwanao, mume wangu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimeachiwa huru. Mitumba imefika Mbinga, redio za kaseti zinapigwa hadi vijijini, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapishana na malori yao, na kila kijana mwenye miguu anakwenda mahali. Wa kwetu alikwenda Tunduru kwenye mawe ya vito. Mwanzoni zilikuja salamu, kikaja na kitenge cha mama yake. Kisha kimya. Halafu mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu, mwenye duka pale mjini, mtu mwenye adabu zake, akakuita pembeni akakwambia alichokiona kwa macho: mwanao amevuka Ruvuma, yuko Msumbiji, ana mke na watoto.

Mdogo wako ndiye aliyesema. Baba mdogo alikuja jioni ile, akakaa, akakohoa, akasema, "Kaka, huyu binti wa watu arudishwe kwao ziwani. Anakaa hapa anamngojea nani?"

Nilikuwa jikoni. Nilisikia kila neno.

"Tuvune kahawa kwanza," ulisema.

Basi mimi nikawa naishi ndani ya maneno hayo. Kila tunda jekundu nililochuma nilijua linanisogeza ziwani. Na sikutaka kurudi, Baba. Niseme wazi, maana wakati ule sikuwa na wa kumwambia. Kumlilia mume niliacha mapema kuliko nilivyotarajia, nikajishangaa. Nilichokuwa nakililia ni nyumba. Baridi ya asubuhi, harufu ya kahawa iliyotoka kumenywa, mama mkwe na mdomo wake, hata kile kikohozi chako cha kunijulisha kwamba unapita ili nijifunike. Na kwetu mwanamke aliyerudishwa anapewa kona ya kulala na huruma ya kila siku, na huruma ya kila siku inachosha.

Msimu huo huo likaja sanduku la bruda.

Ulipokuwa kijana ulifanya kazi karakana ya misheni, na bruda mmoja mzee, mtawa uliyefanya naye, alikuwa anarudi kwao Ulaya moja kwa moja. Alikuja mwenyewe na gari, akakushushia sanduku la mbao, mkashikana mabega, mkalia kidogo kama wanaume wanavyolia, kwa kuangalia injini ya gari. Ndani ya sanduku kulikuwa na ndege ndogo ambayo hakuwahi kuimaliza, injini inayoenea kiganjani, galoni ya mafuta yake, na karatasi zenye picha na maneno ya lugha yao.

Nadhani bruda alijua hali yako. Ulikuwa fundi wa mashine ya kumenya kahawa ya ushirika. Malori ya wanunuzi binafsi yalipozidi, mashine ile ikanyamaza, na wewe ukanyamaza nayo. Ulikuwa unaamka, unavaa ovaroli, unakaa. Mama mkwe alikuwa anaifua ovaroli ile kila wiki ingawa haikuwa na tone la grisi. Ile injini ilipowekwa mezani, ulishika taulo ukafuta mikono kabla hujaigusa, na mikono ilikuwa safi.

Nilikuwa nachambua maharage uani nikakusikia unamweleza mama mkwe. "Unayaona haya mabati membamba yanayozunguka silinda? Yamepangana kama mapezi. Hewa ikipita katikati yake inabeba joto. Bila haya injini inajichoma yenyewe."

Nilitabasamu peke yangu na maharage yangu. Nilisema moyoni, kumbe samaki wetu kafika mlimani.

Ulichukua siku nyingi kuifunga. Ulichonga miti miwili midogo ya mninga, ukaipachika puani mwa ndege, ukailaza injini katikati na kuikaza kwa skrubu. Ukawasha. Ndege nzima ilitetemeka ikakimbia mezani ikaangusha chai yako. Ukafungua, ukachonga upya, ukaweka vipande vya mpira wa ndala chini yake, ukakaza tena. Safari hii ikatulia. Sauti yake ilikuwa ya juu, ya mfululizo, na harufu ikajaa uani, tamu tamu, ya mafuta ya nyonyo yaliyoungua. Hadi leo nikisikia nyonyo karibu na moto nakuona wewe na taulo lako.

Ingeishia hapo tungeruka mapema. Lakini picha ya kwenye karatasi ilionyesha ndege iliyofunikwa pua, injini haionekani, na wewe ukasema ndege yenye injini nje ni mtu aliyetoka nyumbani bila shati. Ukatafuta kopo la maziwa ya unga, ukalipiga nyundo juu ya kigogo, ukaipatia ile pua kofia. Ilipendeza. Hata mama mkwe, ambaye hapendezwi kirahisi, alisema inafanana na kitu.

Ndipo mama mkwe akaitwa Songea. Dada wa nyumba hii, binti yenu, alikuwa amejifungua. Kabla ya kuondoka alisimama katikati ya ua na mzigo wake kichwani, akasema kwa sauti ya kufika jikoni na karakana kwa pamoja: "Mimi posta nafunga. Mtajua wenyewe mtakavyosalimiana."

Akaenda zake, akicheka.

Mke wa baba mdogo alikuwa anapita kila siku kutuchungulia, kwa hiyo ubaya haukuwepo. Lakini ukimya ulikuwepo, tena mzito. Chumvi ilipokwisha nilihangaika nusu ya asubuhi. Mwishowe nikakisogeza chungu mlangoni mwa jikoni, nikakikazia macho, nikasema kwa sauti, "Wewe chungu, leo utapika bila chumvi, maana imekwisha."

Kule karakana nyundo ilisimama. Ukakohoa. Kisha nikakusikia, "Haya, nyundo, nikumbushe kupitia dukani."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuongea, Baba. Wewe na nyundo, mimi na chungu, na ua katikati. Sijui kama tulikuwa tumevunja mila au tumeishika sana. Siku zikawa na maneno. "Chungu, mboga ya leo ina pilipili, mwenye kidonda mdomoni asije akalaumu watu." "Nyundo, wengine tulikula pilipili kabla chungu hakijafinyangwa." Mke wa baba mdogo alinikuta siku moja nacheka na chungu, akarudi kwake kusema kwamba upweke umenifika kichwani.

Wakati huo kofia ilikuwa inakutesa. Bila kofia injini inaunguruma vizuri. Ukiivisha, inaanza vizuri, halafu sauti inakonda, inakonda, inazima. Unaingoja ipoe, unawasha tena, inazima mapema zaidi.

"Nyundo, inapata joto," ulisema. "Haipati hewa."

Ukakata mdomo wa kofia ukaupanua. Ikazima. Ukaupanua tena. Ikazima haraka zaidi. Nilichungulia nikaona kopo limebaki mdomo mtupu.

"Chungu," nilisema, "mdomo ule sasa unameza kuku mzima."

Kikohozi chako siku ile hakikuwa kikohozi. Ulicheka, nilikusikia.

Nikavimba kichwa. Kesho yake nikakishauri chungu kwamba mtu mwenye homa huwekewa kitambaa cha maji. Na wewe, kwa kukata tamaa, ukajaribu. Maji yakaingia kusikotakiwa, injini ikapiga chafya, ikakataa kabisa kuwaka, ukashinda siku nzima unaifungua na kuikausha kipande kwa kipande. Jioni nilisikia, "Nyundo, kiambie chungu kwamba injini haina malaria."

Niliona haya nikanyamaza jioni hiyo na siku yote iliyofuata. Kahawa ilikuwa imebaki miti ya mwisho, ile ya karibu na mto. Nilikuwa nachuma polepole makusudi.

Kilichonifungua mdomo ni moshi. Nilikuwa nawasha moto wa kuni mbichi, moshi ukajaa jikoni ukanirudia usoni, nikajikuta niko kwetu, kwenye tanuri la samaki la mama yangu. Tulikuwa tunakausha mbasa. Mimi nikiwa mwanagenzi nilipanua mdomo wa tanuri ili moto upate upepo, na juu nikafunika magunia yote ili moshi usipotee. Moto ukafa. Moshi ukageuza ukatokea pale pale nilipouingizia upepo, na samaki wakaiva vibaya, wakalegea. Mama alinisogeza kwa kiwiko akafungua magunia upande wa nyuma, pakubwa, mdomo wa mbele akauziba kwa udongo hadi ukabaki mdogo. Moto ukapumua.

Nilikisimulia chungu habari hiyo yote, mwanzo hadi mwisho, hata jina la samaki. Nikamalizia, "Kwa hiyo, chungu, mama hakuongeza mlango wa mbele. Alifungua nyuma. Hewa ya moto ikikosa pa kutokea, ya baridi itaingia wapi?"

Nyundo haikulia. Kisha nikasikia sauti yako, ya chini, ambayo haikuwa ya kuigiza tena.

"Nyundo," ulisema. "Nyuma pa ndege yetu pamefungwa."

Ndege yetu. Wewe labda hukuliona neno hilo ulipolitoa. Mimi nililiona, nikakaa chini jikoni na moshi wangu, nikalia kidogo, na ningeulizwa ningesema ni kuni mbichi.

Ulitafuta kopo jingine. Safari hii mdomo wa mbele uliuacha mdogo, umeelekea kwenye mapezi ya silinda na si penginepo. Ndani ukaweka vipande vya bati vilivyokunjwa, upande huu na upande huu, hewa isije ikapita pembeni bila kufanya kazi, ipite katikati ya mapezi itake isitake. Na chini, kwa nyuma, ukakata tundu pana kuliko mdomo, ukaukunja ukingo wake kwa nje kidogo ili upepo unaopita uivute hewa ya moto itoke. Hayo ya ndani ni akili yako, tanuri la mama halina vipande vya bati. Ulipowasha, nilisimama mlangoni na ufagio nikijifanya nafagia. Iliunguruma. Nikangoja sauti ikonde. Haikukonda. Mafuta yalipokwisha ikazima yenyewe, na ulipodondosha tone la maji juu ya kofia, tone halikuchemka. Lilitiririka tu likaanguka.

Nyundo ikalazwa mezani. "Nyundo," ulisema, "ndege ya waya hairuki na mtu mmoja."

Nieleze kwa asiyejua. Ndege ile haina mtu ndani wala haiongozwi kwa redio. Inafungwa waya mbili nyembamba, ndefu, zinazofika kwenye mpini. Mwenye mpini anasimama katikati ya uwanja, na ndege inamzunguka. Ukiinua mkono inapanda, ukishusha inashuka. Lakini lazima awepo mtu wa pili, kule mwisho wa waya, aishike inapounguruma na aiachie inapotakiwa.

Tulikwenda uwanja wa shule ya msingi asubuhi ya Jumapili, baada ya misa ya kwanza. Ukungu ulikuwa kama wa leo. Mila ilitaka tukae mbalimbali, na waya zilikuwa zimeshapima umbali, kwa hiyo hata mke wa baba mdogo, aliyekuja na baba mdogo kushuhudia, hakuwa na la kusema. Niliishika ndege. Ilikuwa inatetemeka mikononi, upepo wa propela unanipiga tumboni, khanga inapepea. Na ikabidi uniangalie. Ndege haiachiwi kwa kikohozi. Uliniangalia machoni, kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumbani kwako, nikaona kwamba macho yako ni ya kahawia na yana uoga kama yangu. Ukaitikia kwa kichwa. Nikaachia.

Sijui nisemeje kilichofuata. Ilikwenda ikipotea. Ukungu uliimeza ikabaki sauti, sauti ikazunguka nyuma ya mgongo wako, halafu ikatokeza upande mwingine, nyekundu, ndogo, ikapita mbele yangu na ile harufu, ikapotea tena. Wewe katikati ulikuwa unageuka na ovaroli yako, mkono umenyooka, mdomo wazi. Nilirudi nyuma nikakaa chini kwenye majani yenye umande. Sikuwa nawaza kahawa wala Msumbiji wala kwetu. Nilikuwa nasikiliza sauti ile isikonde, na haikukonda. Ilipokwisha mafuta ndege ikateleza ikashuka, nawe ukaendelea kugeuka bila ndege, kizunguzungu kikakuweka chini kitako, watu wakacheka, ukacheka.

Baba mdogo alikusaidia kuinuka. Alikuwa amefurahi kweli, sitamsingizia. Halafu akakupangusa majani mgongoni akasema, "Haya kaka. Ndege imeruka. Na kahawa imevunwa."

Ulisema, "Nimesikia."

Wiki ile ile tukapanda lori la mahindi linaloshuka ziwani. Ulisema na dereva, ulisema na baba mdogo, na mimi hukuniambia kitu, hata kwa nyundo. Nyundo uliiacha nyumbani. Mama mkwe alikuwa amerudi kutoka Songea, alinifungia nguo zangu zote, akazikunja vizuri mno, akaniambia, "Nenda, usiniangalie." Tulikaa juu ya magunia, wewe upande wa mbele, mimi nyuma, sanduku la ndege katikati. Nilidhani umelibeba ili kuwaonyesha watu wa kwetu, au ili kunipoza. Nilikukasirikia, Baba. Tulipoanza kuteremka, milima ya upande wa Kingerikiti ikibaki nyuma, ziwa likajitandaza kule chini, la buluu hadi Malawi, maji yaliyonilea, na mimi nikaligeuzia mgongo.

Kwetu walitupokea kwa heshima. Baba yangu mzazi, katekista, mwalimu wa dini, alivaa kanzu yake ya ibada ingawa haikuwa siku ya ibada, maana alishajua mkwe anayekuja na binti na mizigo amekuja kwa habari gani. Tulikula. Wazee wakakaa. Mama yangu akawa ananiangalia kwa ile huruma niliyokuwa naiogopa, imeshaanza.

Baba akasema, "Karibuni na maneno."

Wewe ukasema, "Mwalimu, kabla ya maneno, naomba twende kwenye mchanga."

Watu walifuatana nyuma yako hawaelewi. Galoni ya bruda ulikuwa umeigeuza juu chini nyumbani, mafuta yaliyobaki yalijaza tangi mara moja tu, ya mwisho, na Mbinga nzima hakuna mengine. Ulinyoosha waya pale mchanga ulipo mgumu, karibu na maji. Nikashika ndege. Nilikuwa sikuangalii, nimekukasirikia. Ukangoja. Injini inaunguruma, mafuta ya mwisho yanaungua, nawe umesimama unangoja nikuangalie. Nikainua macho. Nikaachia.

Nusu ya mzunguko wake ilikuwa juu ya mchanga na nusu juu ya ziwa. Ikiwa juu ya maji kivuli chake kilionekana chini, kinakimbizana nayo, ikifika mchangani kivuli kinapanda watoto mabegani. Mama yangu alishika kichwa. Jua lilikuwa kali, joto la ziwani si baridi ya mlimani, na nilijua kama kofia ile ina kasoro itaonekana leo. Sauti ilibaki ile ile, mzunguko baada ya mzunguko, hadi tone la mwisho. Ikashuka kimya, ikagusa mchanga wenye maji, ikasimama.

Uliifuata, ukaweka kiganja juu ya kofia. Kisha ukamgeukia baba yangu, hukungoja turudi nyumbani.

"Mwalimu, nimetumwa kurudisha mkamwana. Mwanangu ameoa kwingine, hilo mmelisikia. Kwa hiyo mkamwana sina tena. Mpokee, nimemfikisha."

Baba akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyako vya miguu.

"Hayo yamekwisha," ulisema. "Sasa nina ombi langu, nimekuja nalo mwenyewe, hakuna aliyenituma. Neno mkamwana ukilikata mwanzo, linabaki mwana. Huyo ndiye naomba nirudi naye. Si mke wa mtu. Mwanangu. Kama mwenyewe anataka."

Baba yangu alinigeukia, akasema, "Umesikia. Wewe unasemaje?"

Nilitafuta chungu, Baba. Nakuapia niliangaza macho pale ufukoni kutafuta chungu, kikombe, chochote cha kusema nacho. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na mchanga na watu. Nikafumbua mdomo.

"Nataka, Baba."

Mkaitikia wote wawili.

Ulinijia ukiwa umeshika mpini wa waya. Nikadhani utauweka chini ili niuokote, kama tulivyozoea. Hukuuweka chini. Ulinipa mkononi, na kiganja chako kilikuwa na joto la lile bati.

Mengine yanajulikana. Posta ya mama mkwe haikufunguliwa tena, na alilalamika kwamba tunaongea mno. Ulinifundisha mashine za kumenya, halafu za kusaga, halafu pikipiki zilipokuja ukaniambia, "Hizi nazo zina mapezi, zifuate kama samaki zako." Ovaroli yako ikapata grisi. Baba mdogo alinuna msimu mzima, akaacha siku mashine yake ya kusaga ilipokufa na fundi wa karibu nikawa mimi. Mwanao hakurudi. Hatukumsema vibaya, na hatukumngoja.

Ulipoumwa nilikushika mkono hadharani, wodini, manesi wakauliza, "Wewe ni nani wake?" Uliwajibu wewe, nisingeweza.

Siku ya kukuzika palikuwa na ukungu hadi mchana. Walipofika mahali pa kuweka udongo wakaita kwa makundi. Mjane akaenda. Wakaita watoto wa marehemu, nami nikabaki nimesimama na wakwe, sijui kwa nini, miguu ilirudi kwenye adabu zake za zamani. Binti yenu wa Songea akatangulia. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa anaita, akamaliza, akageuka, akaniona. Kisha akasema, tena kwa hasira kidogo, mbele ya watu wote, "Nimeita watoto. Wewe unasubiri kuitwa kwa barua?"

Nikaenda.

Sasa ukungu unaondoka. Kuna mtu ameleta pikipiki, inazima ikipanda mlima, anasema ameifunika mbele kwa plastiki ili isiingie tope. Nitamwambia. Kabla ya hapo nimepanda kwenye kiti, nimeidondoshea injini yetu tone la nyonyo, nimezungusha propela kwa kidole. Bado inazunguka, Baba, inagoma kidogo halafu inakubali. Mafuta yake sijayapata hadi leo. Naizungusha hivyo hivyo.

Naona hapo juu nilianza kwa kuandika Baba Mkwe. Mkono umezoea. Nilitaka kufuta, nimeacha, maana ndiko tulikotokea.

Lala salama. Shikamoo tena, na hii itikia.

Mwanao